Klipu za ngalawa na harusi zinapinda na kuruka baada ya kutulizwa kwa Warp Stabilizer

mhariri_chake (Chake Chake)

Assalamu alaykum jamaa. Nina video ya dakika nane yenye sehemu tatu: mashindano ya ngalawa, matembezi ya vichochoroni Mji Mkongwe, na bi harusi akiingia ukumbini. Nahariri kwa Premiere Pro, sekwensi ni 1920×1080, fremu 25 kwa sekunde. Klipu zote zimepigwa kwa simu ya mkononi, 4K, bila gimbali (kishikio cha kutuliza kamera). Nikitia Warp Stabilizer, efekti ya Premiere ya kutuliza picha inayotikisika, yanatokea haya:

1. Ngalawa zilizopigwa kutoka kwenye boti ya faiba: tanga linavutika kama mpira, na mstari wa upeo unainuka upande mmoja huku unashuka upande wa pili.
2. Vichochoroni kuta na milango ya nakshi inatikisika kama jeli, hasa kwenye kingo za picha.
3. Klipu nyengine zinaikataa efekti moja kwa moja. Linatoka tangazo juu ya picha kwamba vipimo vya klipu na sekwensi havilingani. Zile nilizopunguza kasi zinatoa tangazo jengine, kwamba efekti na Speed haviwezi kukaa pamoja.
4. Zinazokubali zinakwenda kwa kukatikatika. Kabla ya kutuliza sikuliona sana, baada ya kutuliza linaonekana wazi.
5. Ukumbini picha inaruka kila flashi ya mpiga picha ikiwaka.

Nimeacha mipangilio ya mwanzo, yaani Method (njia ya kutuliza) ni Subspace Warp na Smoothness (kiasi cha ulaini) ni 50%. Kupandisha hadi 100% kumezidisha ubaya. Nianzie wapi?

---

fundi_malindi (Unguja)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Anza na namba 4, kabla hujagusa mpangilio wowote wa efekti. Stebilaiza inapima mwendo kutoka fremu moja hadi inayofuata. Fremu moja ikikosekana katikati, yenyewe inaona kamera imeruka, na haina njia ya kujua kwamba kilichoruka ni wakati.

Ifungue klipu moja kwa MediaInfo (programu ya kusoma taarifa za faili), nenda kwenye sehemu ya Video, utizame mistari miwili: "Frame rate mode" na "Frame rate". Simu nyingi zinarekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika, na hapo utaona neno "Variable", na chini yake kiwango cha chini na cha juu. Simu inafanya hivyo mwanga ukipungua au ikipata moto. Ikiwa ni hivyo, zigeuze klipu zote ziwe na kasi moja kabla ya kuziingiza kwenye mradi. Kwa HandBrake (programu ya kugeuza video): fungu la Video, Framerate andika 30, chagua Constant Framerate, ubora RF 16 hadi 18 (namba ndogo ndiyo ubora zaidi). Anayetumia ffmpeg:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -c:a aac -b:a 192k cfr30.mp4

Usiteremshe ubora zaidi ya hapo. Mgando wa picha unaotokana na kubana faili unazaa vijipembe vya uongo ambavyo stebilaiza inavishika kama ni vitu halisi.

Tatizo jengine limejificha hapo hapo. Klipu ya 30 ndani ya sekwensi ya 25 inatupa fremu moja katika kila sita. Ni mikatiko mitano kila sekunde. Picha ikiwa inatikisika mkononi jicho haliioni, ukishaituliza inabaki peke yake ndiyo inayotikisika. Hiyo ndiyo sababu umeiona baadaye.

Una njia mbili. Ikiwa hakuna anayekulazimisha 25, tengeneza sekwensi ya 30 na tatizo limekwisha. Ikiwa lazima iwe 25, chukua klipu zisizohitaji sauti (ngalawa zote, kwa mfano), bonyeza kitufe cha kulia kwenye faili ndani ya Project, Modify, Interpret Footage, kisha "Assume this frame rate" uandike 25. Klipu itakwenda kwa asilimia 83 ya kasi yake, fremu zote zitabaki, na kwa tanga na maji mwendo huo unapendeza. Faida nyengine ni kwamba hapo hujatumia Speed, kwa hiyo Warp Stabilizer haitagoma.

Namba 3 ni jepesi. Klipu ni 3840×2160, sekwensi ni 1920×1080, efekti inataka zilingane. Bonyeza kulia juu ya klipu, chagua Nest (klipu inafungwa ndani ya sekwensi yake ndogo), kisha tia efekti juu ya hiyo nesti.

---

hariri_chwaka (Unguja)

Salaam. Kaka fundi_malindi kasema kweli kuhusu fremu, lakini hapo pa Nest naomba nirekebishe, maana watu wengi wanapoteza ubora pahala hapo bila kujua.

Ukibonyeza Nest ndani ya sekwensi ya 1080, nesti inayozaliwa nayo ni ya 1080. Ile 4K imeshapunguzwa kabla haijafika kwenye stebilaiza. Halafu Auto-scale inakuja kuikuza picha kwa asilimia 15 au 20 ili ifunike kingo nyeusi, na unakuza picha ya 1080. Ndiyo maana klipu zilizotulizwa huwa na ukungu.

Fanya hivi. Kwenye Project bonyeza kulia juu ya faili la klipu, chagua New Sequence From Clip. Unapata sekwensi ya 3840×2160 yenye kasi ya klipu yenyewe. Ndani yake kata kipande unachokitaka, tia Warp Stabilizer, subiri uchambuzi umalize. Sasa ichukue sekwensi hiyo nzima, iweke ndani ya sekwensi kuu ya 1080, na kwenye Motion uweke Scale 50. Auto-scale sasa inakula pikseli za 4K. Hata ikifika asilimia 130 hujapoteza kitu, kwa sababu una nafasi hadi 200.

Na kwa kupunguza kasi, mpangilio wa ndani na nje una maana yake. Ukitaka mwendo wa pole, tuliza ndani kwa kasi ya asili, Speed iweke nje juu ya nesti. Ukitaka kukimbiza, mfano matembezi ya dakika tatu yaishe kwa sekunde kumi, fanya kinyume: Speed ndani, stebilaiza nje. Kukimbiza kunazidisha kila mtikisiko, na njia inayofaa kulainishwa ni ile ya baada ya kukimbiza.

Ukumbini nitarudi baadaye. Nitajie kwanza shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ilikuwa ngapi, kama simu ilikuonyesha.

---

mhariri_chake

Ahsanteni sana. MediaInfo inasema "Variable", chini 24.02, juu 30.04 kwa klipu za ukumbini. Za baharini ni kati ya 29.8 na 30.1. Shata sikuifunga, simu ilijichagulia yenyewe. Utulizaji wa simu yenyewe ulikuwa umewashwa.

---

tanga_wete (Wete)

Nijibu la baharini, kwa sababu bahari ndipo efekti hizi zinaposhindwa zaidi na watu wanadhani kompyuta mbovu.

Stebilaiza haina habari kwamba kuna bahari. Inatafuta nukta zenye tofauti kubwa ya mwanga, yaani pembe, kingo, madoa, inazifuata fremu hadi fremu, na inachukulia kwamba nyingi katika hizo ni za vitu visivyokwenda popote. Chumbani dhana hiyo ni sahihi. Baharini povu linakwenda, tanga linakwenda, ngalawa inakwenda, na kilichosimama ni kipande chembamba cha nchi kavu kwa mbali, kama kipo. Nukta za povu zinashinda kwa wingi. Halafu Subspace Warp inaruhusiwa kuvuta kila sehemu ya picha kwa njia yake, basi povu linavutwa huku, tanga kule. Huko ndiko kupinda unakokuona, na Smoothness 100% inaiambia ivute kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo:

Method iweke Position, Scale, Rotation. Hapo picha inasogezwa, inazungushwa na kukuzwa kama karatasi moja, haiwezi kupinda hata ikikosea. Ikikosea utaona picha nzima inasogea vibaya, na kosa hilo ni rahisi kulitambua.

Smoothness ishushe hadi 8 au 15. Mtikisiko wa mkono ni wa haraka, mara kadhaa kwa sekunde. Wimbi linaloinua boti linachukua sekunde kadhaa kupanda na kushuka. Smoothness ndogo inaondoa ule wa mkono na inauacha huu wa wimbi, na mtazamaji anautarajia wa wimbi, ni bahari. Ukilazimisha kuufuta na huu, Auto-scale itakuza picha mpaka ngalawa ikatwe foromali (boriti inayoshika tanga juu). Thamani ya Auto-scale inaandikwa pembeni ya jina lake ndani ya Effect Controls. Ikipita 125 jua umeomba kupita kiasi, au kuna pigo moja kubwa ndani ya klipu.

Hilo la pigo lizingatie. Ukuzaji ni mmoja kwa klipu nzima. Boti ikigonga wimbi kwa nusu sekunde, sekunde ishirini zote zinakuzwa kwa ajili ya nusu sekunde hiyo. Kata klipu kabla na baada ya pigo, kila kipande kitie efekti yake na ubonyeze Analyze upya. Kipande chenye pigo kiache kama kilivyo au ufunike kwa picha nyengine.

Ikiwa nchi kavu inaonekana nyuma, tuseme miti ya kisiwa cha Misali nyuma ya ngalawa, unaweza kuilazimisha stebilaiza itizame huko tu. Ingia ndani ya ile sekwensi ya 4K aliyoieleza Bi hariri_chwaka, lakini efekti usiitie hapo. Kwenye Opacity ya klipu chora barakoa (umbo linaloacha sehemu ya ndani yake tu ionekane) kwa kalamu, izunguke miti na ufukwe, iache bahari na ngalawa nje. Mask Feather iwe pikseli 150 au zaidi. Hapo usifanye haraka: ukingo wa barakoa ukiwa mkali, na barakoa haisogei kwenye fremu, stebilaiza itaushika ukingo huo kama kitu kilichotulia na itakwambia kamera haikutikisika kabisa. Toka nje, iweke sekwensi hiyo ndani ya nyengine ya vipimo hivyo hivyo vya 4K, tia Warp Stabilizer juu yake, acha ichambue miti mitupu. Ikimaliza, rudi ndani uifute barakoa. Bahari na ngalawa zinarudi, na utulizaji unabaki ule uliotokana na miti. Usibonyeze Analyze tena baada ya hapo, maana itaanza kuyashika mawimbi upya.

Mwenye After Effects ana njia safi zaidi. Efekti ya humo ina "Show Track Points". Iwashe, pitisha mduara kuzunguka nukta zote zilizoshika maji na tanga, bonyeza Delete. Ukiwa umeacha "Auto-delete Points Across Time" imewashwa, nukta hizo zinafutwa na kwenye fremu nyengine. Premiere haina uwezo huo.

Kuna jeli ya aina nyengine ambayo haihusiani na mawimbi. Kihisi cha simu kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Mashine ya boti ikitetema kwa kasi, mstari wa juu umesomwa kamera iko huku, wa chini iko kule, na fremu yenyewe imezaliwa imepinda. Simamisha fremu moja tu utizame mlingoti: ukiwa na mawimbi madogo madogo fremu ikiwa imesimama, tatizo ni hilo. Dawa yake ni Rolling Shutter Ripple, chagua Enhanced Reduction, nayo inafanya kazi kwenye Method za Perspective na Subspace Warp pekee. Kwa klipu hizo jaribu Perspective, Smoothness 10. Haliondoki lote. Upigaji unaofuata usiegemeze simu wala kiwiko kwenye ubavu wa boti, mwili wa mtu unanyonya mtetemo wa mashine vizuri kuliko kifaa chochote cha bei rahisi.

---

fundi_malindi

Maelezo ya tanga_wete yamenyooka. Nami nakubali marekebisho ya Nest, njia ya New Sequence From Clip ndiyo sahihi kwa klipu za 4K.

Vichochoroni sababu ni tofauti. Ukuta wa kushoto uko karibu na mkono, mwisho wa kichochoro uko mbali. Unapotembea, cha karibu kinapita haraka, cha mbali kinakaribia hakisogei. Hakuna njia moja ya kuisogeza karatasi nzima ikaridhisha vyote viwili. Position, Scale, Rotation itatuliza mwisho wa kichochoro na kuziacha kuta zikitikisika kidogo. Subspace Warp itajaribu kuridhisha kila upande, na kingo zitakuwa jeli. Kwa hiyo unachagua lawama ipi unaiweza. Mimi naanza na Subspace Warp, Smoothness 5 hadi 10, naangalia miimo ya milango na nguzo za baraza, kwa sababu mti ulionyooka unasema ukweli. Ukipinda hata kidogo nateremka Perspective, kisha Position, Scale, Rotation.

Kitelezi cha "Crop Less <-> Smooth More" kilicho chini ya Advanced nacho kishushe hadi 20 au 30. Klipu ikiwa na watu wanaokatiza mbele washa Detailed Analysis, lakini usiiwashe kwa kila kitu, inaelemea faili la mradi.

Halafu umesema utulizaji wa simu ulikuwa umewashwa. Hapo simu imeshaisogeza na kuikata kila fremu kwa hesabu zake, na pembe za picha zimebaki na mivuto midogo. Stebilaiza ya pili inaichukulia mivuto hiyo kama mwendo wa kamera na inaipinga. Kwa klipu zilizokwisha kupigwa, dawa ni Smoothness ndogo tu. Kwa kazi ijayo chagua mmoja afanye kazi: ama simu, ama kompyuta.

---

hariri_chwaka

Sasa ukumbini. Ile 24.02 kwenye MediaInfo imeshaeleza nusu ya habari. Mwanga ulikuwa mdogo, simu ikapunguza kasi ya fremu na bila shaka ikafungua shata muda mrefu, 1/25 au 1/30. Kwa shata hiyo kila mtikisiko wa mkono unaandika mburuzo ndani ya fremu. Stebilaiza inaondoa mtikisiko, mburuzo unabaki. Matokeo yake ni picha iliyotulia ambayo inafifia na kurudi, inafifia na kurudi. Watu wanadhani ni fokasi. Hakuna mpangilio unaoondoa mburuzo uliokwisha kurekodiwa. Kinachosaidia ni kuacha mtikisiko kiasi uhalalishe mburuzo: Method Position, Smoothness 5, basi. Jicho linasamehe ukungu unaokwenda pamoja na mtikisiko.

Upigaji ujao ndani ya ukumbi funga shata 1/100 na uiache ISO (wepesi wa kihisi kushika mwanga) ipande. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 na 1/100 zinakaa sawa na mpepeso huo. 1/60 au 1/125 inaweza kukuletea mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye ukuta, na mistari hiyo nayo inashikwa na stebilaiza. 1/100 ni bora kuliko 1/50 kwa klipu unayojua utaituliza, mburuzo ni nusu. Nje juani hilo halikuhusu, simu inajipeleka yenyewe kwenye shata fupi sana.

Flashi: kihisi kinachosoma mstari kwa mstari kinaikuta flashi katikati ya kusoma, basi nusu ya fremu ni nyeupe na nusu ni ya kawaida. Nukta zote zilizokuwa nusu ile zinapotea kwa fremu moja, na fremu inayofuata stebilaiza inaanza upya kutoka pahala pengine. Huo ndio mruko. Ndani ya nesti, nenda fremu moja moja kwa vishale vya kibodi hadi uipate fremu ya flashi. Ikate upande huu na huu, ifute, na nafasi yake uijaze kwa nakala ya fremu iliyotangulia (Add Frame Hold, ukate iwe urefu wa fremu moja). Flashi ikigusa fremu mbili, fanya zote mbili. Kisha toka nje uchambue upya. Fremu moja iliyorudiwa haionwi na mtu. Flashi ikiwa unaitaka ionekane kwa sababu ya hisia za pale, irudishe ndani ya nesti baada ya uchambuzi.

Na bi harusi akiingia, akina mama wakisimama na kupiga vigelegele, watu wanajaza theluthi mbili za fremu na wote wanakwenda. Ni tatizo lile lile la povu la tanga_wete. Barakoa iweke juu, kwenye dari, mapambo na nguzo za ukumbi, vitu visivyosogea.

---

jairo_mkokotoni (Unguja)

Naongeza mawili kwa wanaosoma.

Asiyekuwa na Premiere anaweza kufanya kazi hii yote kwa DaVinci Resolve ya bure. Chagua klipu, Inspector, fungua Stabilization. Aina ni tatu: Perspective, Similarity, Translation, na kupinda kunapungua kwa mpangilio huo huo. Kwa bahari anza na Similarity. Kuna Cropping Ratio, na wengi wanaisoma kinyume: 1.0 maana yake hairuhusiwi kukata chochote, kwa hiyo haitulizi, na kadiri unavyoishusha ndivyo inavyotuliza na kukata zaidi. Smooth ndiyo ya ulaini. Strength ipunguze hadi 0.6 au 0.7 ukitaka wimbi libaki. Ukibadilisha aina, Cropping Ratio au Smooth, bonyeza Stabilize tena, la sivyo unatizama matokeo ya zamani. Resolve haina ugomvi wa 4K ndani ya 1080, inakuza kutoka kwenye pikseli za faili la asili. Ila kasi ya fremu ya mradi iweke kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, baada ya hapo haibadiliki.

La pili, kwa klipu za bahari zisizo na nchi kavu hata kidogo, acheni kutafuta nukta. Tumieni data za jairo (kihisi cha mzunguko kilicho ndani ya kamera). Gyroflow ni programu ya bure, inasoma mzunguko wa kamera uliorekodiwa na kihisi chenyewe, haijali picha ina nini. GoPro kuanzia Hero5 zinaandika data hizo ndani ya faili. HyperSmooth, utulizaji wa GoPro yenyewe, izimwe wakati wa kupiga. Kwa simu ya Android kuna OpenCamera Sensors inayorekodi jairo pembeni ya video, na hapo utulizaji wa simu wote uzimwe, pamoja na ule wa lenzi, kwa sababu lenzi inayojisogeza yenyewe inaivuruga hesabu. Ndani ya Gyroflow chagua wasifu wa lenzi, bonyeza Auto sync, kisha washa Horizon lock.

Ujue mipaka yake. Jairo inapima mzunguko tu, haipimi kupanda na kushuka. Ngalawa iliyo mbali itatulia vizuri sana, iliyo mita mbili kutoka kwako itaendelea kucheza. Na inapima mzunguko wa kamera kuhusiana na dunia. Ukimpiga nahodha ndani ya boti uliyopanda wewe mwenyewe, upeo utatulia na boti ndiyo itakayoyumba ndani ya fremu na nahodha wake. Klipu za ndani ya boti zitulizeni kwa nukta zilizoshika boti yenyewe.

---

mhariri_chake

Jamani Mungu awalipe. Klipu zote nimezigeuza kuwa 30 isiyobadilika, za bahari nimezifanya 25 kwa Interpret Footage, mikatiko imekwisha. Tanga halipindi tena kwa Position, Scale, Rotation na Smoothness 10, Auto-scale inasoma 111. Barakoa ya miti imefanya kazi kwa klipu mbili zenye kisiwa nyuma. Flashi nimezitoa, mruko umeondoka.

Limebaki moja. Kwenye taimlaini kila kitu sawa, lakini video ya mwisho ikitoka, klipu mbili za vichochoroni zina ukingo mweusi upande wa kulia kwa muda mfupi. Na mradi sasa unachukua muda mrefu kujihifadhi.

---

hariri_chwaka

Hayo mawili yana uhusiano. Warp Stabilizer inaandika data za uchambuzi ndani ya faili la mradi lenyewe. Klipu nyingi, hasa zenye Detailed Analysis, zinalinenepesha faili na kila kuhifadhi kunakuwa kuzito.

Kwanza ukingo mweusi. Ikiwa unatumia proksi (nakala nyepesi za klipu za kuhariria), zizime kwa kitufe cha Toggle Proxies, chagua klipu hizo mbili na ubonyeze Analyze upya juu ya faili za asili. Kisha Sequence, Delete Render Files. Kwenye dirisha la kutoa video ondoa alama ya Use Previews, maana onyesho la zamani lililorendiwa kabla hujabadilisha mipangilio linaweza kuingizwa kwenye video ya mwisho. Ikibaki, nenda File, Project Settings, General, weka Renderer iwe Software Only, utoe hizo klipu mbili tu. Ukingo ukiondoka, tatizo liko kwenye dreva ya kadi ya picha, isasishe. Hakikisha pia kwenye Framing umechagua "Stabilize, Crop, Auto-scale". Kuna "Stabilize Only" inayoacha kingo wazi kwa makusudi, na Maximum Scale ikiwa ndogo kuliko inavyohitajika nayo inaacha mweusi.

Kwa uzito wa mradi: klipu ukishairidhia, bonyeza kulia, Render and Replace, chagua ProRes 422 au DNxHR HQ. Kwa 1080 ya fremu 25, ProRes 422 ni megabiti 122 kwa sekunde, takriban gigabaiti 0.9 kwa dakika, kwa hiyo dakika zako nane hazifiki gigabaiti nane. Ukitaka kurudi nyuma, Restore Unrendered ipo. Fanya hivyo mara tu kipande kinapokamilika na uhifadhi mradi hapo hapo. Uchambuzi uliomalizika bila kuhifadhiwa unapotea umeme ukikatika.

---

mhariri_chake

Proksi zilikuwa zimewashwa. Nimezizima, nimechambua upya hizo mbili, kingo zimekaa. Naanza Render and Replace kwa klipu za bahari.